Picha ya kichwa ilikuwa safi, kaka yangu alikuwa mgonjwa

Mhariri,

Assalaam aleikum. Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Najua barua ndefu huwa mnazipunguza, na hii ni ndefu. Ukikata, kata popote utakapo, ila nakuomba usiguse pale ninapotaja karatasi ya maombi ya picha. Hapo ndipo ilipo barua yenyewe.

Mimi ni mkaazi wa Wete, Pemba. Kazi yangu ilikuwa kupiga eksirei, miaka 29 mpaka nilipostaafu. Nilianza enzi za chumba cha giza: filamu unaizamisha kwenye dawa, unaisuuza, unaitundika ikauke kama shati la skuli, na vidole vinabaki na harufu ile hata siku ya Idi unapokula biriani. Nikamalizia enzi za kompyuta. Nayasema haya nisije nikadhaniwa ni bibi anayeogopa mashine. Mashine ndizo zilizonilisha na kunisomeshea watoto.

Aliyenishikisha kalamu ni mtoto wa kaka yangu. Alikuja jioni moja simu mkononi, kandambili moja kaivulia mlangoni na nyingine kaingia nayo. "Shangazi, tizama hii! Kompyuta inasoma picha ya ubongo, inasema huyu ana Parkinson, huyu hana. Kwa nini sisi hatuletewi? Baba angejulikana siku ya kwanza." Alikuwa anatoka maskani, na huko, kwa alivyonieleza, shauri lilikwishakatwa: serikali inunue mashine, yaishe.

Hasira zake nazielewa. Baba yake alihangaika takriban miaka sita kabla ya kuambiwa kwamba maradhi yake ndiyo hayo ya Parkinson, ya mwili kukakamaa na kutetemeka. Lakini kuna jambo sikuwahi kumwambia kijana huyu, nalo ni kwamba baba yake alipigwa picha ya kichwa, na picha hiyo hiyo ndiyo iliyomchelewesha.

Kaka yangu ni mtu wa karafuu. Shamba tuliloachiwa na marehemu baba yeye ndiye aliyelishika. Alikuwa akitia mkono kwenye gunia, anasugua karafuu tatu kiganjani, ananusa, kisha anakwambia zimeanikwa siku ngapi na kama zilinyeshewa. Majirani walikuwa wakimwita aje azinuse zao kabla ya kuzipeleka kuuza. Msimu mmoja, miaka kumi sasa, alinusa akanyamaza. Akanusa tena. Akasema, "Hizi hazina kitu." Wifi yangu alikuwa kakaa pale pale kwenye jamvi anachambua makonyo, akacheka, akidhani mumewe anafanya mzaha, kwani ua zima lilikuwa linanukia mpaka barabarani. Tukasema ni mafua. Akafukizwa, akapewa dawa ya matone. Harufu haikurudi mpaka leo.

Zikaja ndoto. Usiku alikuwa akirusha mateke na ngumi, anapiga kelele kama anayefukuza wezi shambani, na kukicha hakumbuki kitu. Wifi akahamia kitanda cha ukumbini. Watu wakasema ya kusema, kama ujuavyo kwetu. Akasomewa. Kusomewa sikulaumu, nami nilikuwepo nikaitikia amin. Ninachojilaumu ni kwamba katika ukoo mzima, nikiwemo mimi niliyekuwa nashinda hospitali, hakuna aliyefunga fundo moja baina ya pua na usingizi. Leo madaktari wanajua kwamba kupotewa na harufu na kupigana ndotoni huweza kutangulia kutetemeka kwa miaka.

Halafu kuna madaftari. Kila msimu kaka huandika wachumaji wake na pishi walizoleta. Ninayo mezani ninapoandika barua hii. La zamani herufi zimejaza mstari, "Pishi 9" unaisoma umesimama mlangoni. Fungua la miaka mitatu baadaye: jina linaanza vizuri, halafu maandishi yanapungua, yanapungua, mwisho wa mstari ni njia ya sisimizi. Nilichukua rula ya mjukuu wangu nikapima. Herufi ya kwanza milimita sita, ya mwisho milimita mbili.

Mkono wa kulia ukaacha kupunga anapotembea. Uso ukaganda, na barazani wakaanza kuulizana, "Huyu kanuna nini siku hizi, kuna mtu anamdai?" Kutetemeka kulikuja mwisho wa yote, tena mkono mmoja, akiwa kakaa tu, gumba na kidole cha shahada vikisuguana kama anayevuta tasbihi ambayo haipo. Akinyanyua kikombe, mkono unatulia. Naomba wasomaji walishike hilo, kwa sababu wapo wanaotetemeka kinyume chake, kikombe kikikaribia mdomo ndipo chai inamwagika, na hao mara nyingi wana jambo jingine kabisa.

Ndipo tukavuka. Ilikuwa msimu wa kusi, na Mkondo wa Nungwi siku ile ulitukamua sote. Kaka alishikilia kiti cha mbele yake kwa mikono miwili mpaka tukafunga gati. Tulikompeleka sitakutaja, sina nia ya kumshitaki mtu. Ikaamuliwa apigwe siti skani ya kichwa, ile eksirei ya kompyuta inayoonesha kichwa vipande vipande. Kwa mazoea ya kazi, jicho langu likaenda moja kwa moja kwenye karatasi ya maombi, ile ambayo daktari humwandikia mpiga picha. Ina nafasi ya jina, umri, sehemu ya kupigwa, na chini yake mistari minne ya kueleza mgonjwa ana nini na daktari anataka kujua nini. Kwenye mistari ile minne paliandikwa neno moja: "Kichwa."

Mhariri, karatasi za namna hiyo nimezipokea maisha yangu yote. "Kifua." "Goti." "Kichwa." Unapiga tu, kwa sababu huwezi kumrudisha mtu aliyetoka Micheweni kwa daladala eti kwa ajili ya mistari minne.

Majibu yakatoka: hakuna uvimbe, hakuna damu iliyovuja, hakuna kiharusi. Yote yalikuwa kweli. Tukaambiwa, "Picha safi, mzee wangu. Ni umri tu, na punguza mawazo." Kaka alikuwa na miaka 63. Na mimi, mpiga picha mwenye miaka 26 kazini, nilimshukuru Mungu, nikanunua halua, tukarudi Pemba roho nyeupe. Ikapita miaka miwili mingine.

Siti skani ile isingeweza kuona kitu, na hilo nilipaswa kulijua. Parkinson huanza kwa kufa kwa seli katika kipande kidogo cha shina la ubongo, kipande ambacho mabingwa wa zamani walikipa jina la Kilatini lenye maana ya kitu cheusi, kwa sababu ukiupasua ubongo unakiona cheusi kweli. Seli hizo hutengeneza dopamini, na bila ya dopamini ubongo unashindwa kuuendesha mwili. Zinakufa taratibu, na hadi mkono uanze kutetemeka, sehemu kubwa imeshakwenda. Lakini pale zilipokufa hapavimbi, hapavuji damu, hapabaki shimo. Ukipiga siti skani, hata MRI ya kawaida, ile picha ya mashine ya sumaku, mara nyingi utaona ubongo wa mtu wa umri wake, basi. Picha hizo hupigwa ili kuondoa mashaka ya mambo mengine, kama uvimbe au maji kujaa kichwani. Kumwambia mtu "picha safi, huna kitu" ni sawa na fundi aliyepanda juu, akaona paa halivuji, akashuka na kusema boriti hazina mchwa.

Aliyemjua kaka ni daktari mmoja kijana wa mishipa ya fahamu, Dar es Salaam, tulikokuwa tumekwenda kwa harusi. Hakuwasha mashine yoyote. Alimwambia atembee mpaka mlangoni, ageuke, arudi. Kaka aligeuka kwa hatua ndogondogo nyingi, kama anayegeuza ngarawa kwenye maji machache. Akamwambia agonganishe gumba na kidole cha shahada, kwa upana na haraka. Mkono wa kushoto ulikwenda. Wa kulia ulianza vizuri, ukapungua, ukakwama. Akamkunja na kumkunjua kiwiko taratibu, akaniita na mimi nishike. Mkono ulikuwa unakatakata, jino kwa jino, kama gurudumu la baiskeli linapozungushwa mnyororo umelegea. Akamwandikisha jina lake mara tano. Akauliza habari ya vidonge vyote anavyotumia, maana kuna dawa, baadhi za maradhi ya akili na baadhi za kichefuchefu, ambazo zenyewe humfanya mtu akakamae na kutetemeka. Akauliza harufu. Alipouliza usingizi, wifi akaanza kulia.

Dakika 20, Mhariri. Akaandika levodopa, ambayo ubongo huigeuza kuwa dopamini, iliyochanganywa na kabidopa, akasema dawa nayo ni sehemu ya kipimo: ikimfaa sana, tutakuwa tumepata ushahidi mwingine. Wiki ya tatu kaka alifunga vifungo vya shati mwenyewe, akaja kunionesha, shati limefungwa mpaka shingoni na jua la saa nane lile.

Sasa nirudi kwenye simu ya kijana. Alichosoma ni kweli, na ni kazi ya kuheshimiwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Florida, Marekani, akiwemo David Vaillancourt, wametengeneza programu inayosoma MRI ya aina yake, ile inayopima maji yanavyotembea ndani ya ubongo. Katika nyama iliyo nzima maji hayaendi yatakavyo, yanazuiliwa na seli na nyuzi zake. Seli zikifa, nafasi zinafunguka na maji yanakuwa huru zaidi. Jicho langu halilioni hilo hata ukinipa mwezi mzima na miwani mipya. Kompyuta inalihesabu sehemu kwa sehemu, kisha inalinganisha na wagonjwa ambao ilifunzwa nao. Mwaka 2019 walichapisha matokeo ya watu 1,002 waliopigwa picha katika vituo 17 vya Marekani, Ujerumani na Austria. Mwaka 2025 wakatoa ya wagonjwa 249 kutoka vituo 21 vya Marekani na Kanada. Kilichonigusa mimi zaidi ni hiki: wapo wagonjwa waliofariki na ubongo wao ukachunguzwa kwa hadubini, na kati ya 49, programu ilikuwa imepatia 46. Kwa sisi wa fani ya picha hakuna shahidi mkubwa kuliko huyo. Zamani tulikuwa tukisikia maiti imefunguliwa na picha yetu imeumbuka, tunapita ukutaukuta.

Lakini tusome swali lililoulizwa. Wale wagonjwa 249 hakuna aliyekuwa mzima. Wote walikwishaonwa na mabingwa, ikajulikana mwendo wao una kasoro. Programu iliulizwa: huyu ana Parkinson yenyewe, au ana moja ya maradhi mawili yanayojifananisha nayo, yale yanayoitwa kwa kifupi MSA na PSP? Haya mawili huenda mbio zaidi, na levodopa haiyafai sana. PSP humwangusha mtu mapema, mara nyingi kinyumenyume, na macho yanashindwa kutazama chini. MSA huvuruga presha na mkojo. Mwanzoni hata bingwa anaweza kuyachanganya. Kumtenganisha mgonjwa hapo ni faida kubwa, familia inajua inajiandaa na nini, na daktari haongezi vidonge juu ya vidonge visivyofaa.

Hilo ni swali la pili. La kwanza, kwamba huyu mzee anastahili kutazamwa, linaulizwa kwa macho na vidole, na kwetu watu wamekwama kwenye la kwanza. James Parkinson alipoandika habari za maradhi haya London mwaka 1817 alieleza watu sita tu, na baadhi yao aliwaona wakipita barabarani. Hao hakuwapima kwa mashine, aliwatazama wakitembea. Kaka yangu alipita mbele ya baraza ile ile kila siku akienda na kurudi msikitini, mara tano, mkono mmoja haupungi, na baraza nzima ikaona mtu aliyenuna.

Bara nako kuna funzo. Utafiti uliofanywa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, na kuchapishwa mwaka 2008, ulipita nyumba kwa nyumba ukakuta watu 33 wenye Parkinson, na wengi wao walikuwa hawajawahi kuambiwa na yeyote kwamba wanaumwa hayo. Walikuwa majumbani, wanaitwa wazee.

Halafu kuna jambo la ufundi ambalo maskani hawawezi kulijua, na sitaki nilipite. Mgonjwa wa Parkinson ni mtihani kwa mpiga picha. MRI si ile ya "vuta pumzi, zuia, haya pumua." Unalazwa chali ndani ya bomba linalogonga kama bati linalopigwa nyundo, na unatakiwa usitikisike, kitambo kirefu. Mtu ambaye shingo imekakamaa na mkono unakwenda wenyewe, kumlaza hivyo ni adhabu. Akitikisika, picha inaharibika. Eksirei mbovu tulikuwa tunaiona kwa macho, tunarudia, hata kama filamu ni chache na msimamizi ananung'unika. Lakini ukiilisha kompyuta namba zilizotikisika bila ya mtu kuzikagua, itahesabu vile vile na kutoa jawabu kwa maandishi mazuri yale yale. Hapo ndipo ninapotishika. Sisi ni watu wa kuamini karatasi iliyochapwa.

Tena picha za wale 249 zilipigwa kwa mashine zenye nguvu ya sumaku ya Tesla 3. Mashine zilizoenea zaidi duniani ni za Tesla 1.5, nusu yake. Programu iliyofunzwa kwa moja huwezi kuihamishia kwa nyingine kama unavyohamisha betri ya saa, lazima ijaribiwe kwanza. Na ijaribiwe kwa watu wetu, wenye presha zetu na sukari zetu na viharusi vyetu vidogo vidogo, vinavyoacha alama zao kwenye ubongo.

Kwa hivyo Wizara ikiletewa programu hii kesho, mimi nitakuwa wa kwanza kupiga makofi, kwa sharti ikae pembeni ya daktari aliyemgusa mgonjwa. Isiwe karatasi ya kumrudishia mtu kwao. Kwa kaka yangu picha ya kwanza ilikuwa hivyo.

Ninachokiomba leo ni kidogo, na hakihitaji zabuni. Ile mistari minne ijazwe. Daktari aandike: "Mkono wa kulia unatetemeka akiwa ametulia, mwendo mzito, mwaka mmoja sasa, harufu hasikii." Msomaji wa picha akikutana na maneno hayo, hataandika "safi" akanyamaza. Ataandika kwamba picha hii haiondoi Parkinson, mgonjwa apelekwe kwa anayehusika. Sentensi hiyo moja ingemwokolea kaka miaka miwili. Mimi mwenyewe, baada ya yaliyotukuta, miaka yangu mitatu ya mwisho kazini nilikuwa nikipokea karatasi tupu namuuliza mgonjwa kwa mdomo wangu, naandika kwa penseli pembeni. Daktari mmoja alinigombeza kwamba najipa kazi isiyokuwa yangu. Wengine wawili walikuja kunishukuru. Nikaendelea kuandika.

Na wale vijana wa vituo vya afya, kuanzia Konde mpaka Mkoani, wafundishwe yale ya dakika 20: mtembeze, mgeuze, agonganishe vidole, aandike jina. Ukumbi wa hatua kumi unatosha.

Nimalizie habari ya dawa, maana jina la maradhi bila ya dawa ni kumpa mtu anuani ya nyumba iliyofungwa. Levodopa na kabidopa zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Za kaka tunanunuliwa na jamaa Dar es Salaam, zinakuja na boti ndani ya mkoba wa mtu. Mwaka jana upepo ulizuia safari siku nne. Kaka akawa anakata kidonge nusu, siku ya tatu nusu ya nusu, siku ya nne tulimgeuza kitandani kwa shuka. Kuziacha dawa hizi ghafla ni hatari, si suala la kuvumilia. Wifi, maskini, kwa kuhangaika alisikia kwamba mbegu za upupu zina dawa hiyo hiyo. Ni kweli, zina levodopa, wataalamu wameichunguza. Lakini ni kiasi gani katika mbegu ipi, jikoni kwetu hakuna mizani ya kujua. Nikamkataza, akanuna yeye sasa, wa kweli.

Na mwanzoni, kidonge kilipomtia kaka kichefuchefu, alikwenda duka la dawa akapewa metoklopramaidi bila ya kuulizwa anatumia nini. Hiyo ni miongoni mwa zile alizotuonya daktari. Siku mbili akawa gogo. Tulipoitupa, akarudi. Wenye maduka ya dawa wasome hapa mara mbili. Siku hizi kidonge anakimeza nusu saa kabla ya kula, kwa sababu kikikutana na samaki au nyama tumboni hakifanyi kazi vizuri, na pweza wake amehamia usiku.

Kijana nilimweleza yote haya. Alinyamaza, akauliza, "Kwa hivyo Shangazi, ulifurahi picha ilipokuwa safi?" Nikamwambia nilifurahi, na halua tulikula naye. Hakunijibu, alichukua madaftari ya baba yake mezani akaanza kuyafungua, la kwanza, la pili, la tatu.

Jana nilikwenda kwa kaka nikamsimulia habari ya programu ya Florida na ile ya ubongo 46 katika 49. Alisikiliza kwa uso wake ule usiosema kitu. Kisha kwa sauti yake ya siku hizi, ambayo lazima umsogelee, akasema, "Waandikie gazetini. Wakitaka ubongo wa Pemba wa kuifunza mashine yao, mimi nipo tayari kulala humo. Ila wanipige baada ya kidonge cha saa nne, na wasiniite wakati wa kusi."

Wako,

Mpiga eksirei mstaafu,
Wete, Pemba